Zamu za madereva njia ya Arua na Koboko: mzigo wako uko mikononi mwa nani?

ARUA - Mfanyabiashara anayetuma mzigo kwa basi kutoka Kampala kwenda Arua au Koboko kwa kawaida huuliza mambo mawili: bei ya kusafirisha na saa ya kuondoka. Ni wachache wanaouliza dereva wa usiku huo amepumzika kwa muda gani, na njia ameijuaje.

Swali hilo lilipata uzito mpya usiku wa tarehe 22 Oktoba 2025. Majira ya saa 6 na robo usiku, mabasi mawili yaliyokuwa yakienda pande tofauti yaligongana uso kwa uso karibu na kijiji cha Kitaleba, wilayani Kiryandongo, katika barabara kuu ya Kampala-Gulu. Magari mengine mawili yaliingia katika ajali hiyo. Polisi walitaja kwanza vifo 63, kisha wakasahihisha idadi hiyo kuwa 46.

Kwa mujibu wa polisi, kila basi lilikuwa likijaribu kulipita gari lililokuwa mbele yake. Hakuna aliyesema kwamba dereva alisinzia. Lakini barabara hiyo ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa na mabasi ya West Nile hadi Karuma, na saa hizo ndizo mabasi mengi ya kwetu huwa njiani. Kwa sababu hiyo, jinsi madereva wanavyopangiwa zamu ni jambo linalomgusa kila mwenye mzigo na kila mwenye gari.

Hesabu ya kilomita na masaa

Kutoka Kampala hadi Arua ni takriban kilomita 500, kupitia Luwero, Nakasongola, Kafu, Kigumba, Karuma, Pakwach na Nebbi. Koboko iko mbele zaidi, kiasi cha kilomita 55 kutoka Arua. Kwa hiyo safari nzima inakaribia kilomita 550.

Kanuni za mwendo za Uganda za mwaka 2004 ziliwawekea mabasi ya abiria kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Dereva anayefuata kikomo hicho, bila kusimama hata mara moja, atatumia karibu masaa 7 hadi Koboko. Ukiongeza msongamano wa Kampala, vizuizi vya polisi, kushusha abiria na kula, masaa 9 ni makadirio ya wastani.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kazi ya kawaida ni masaa 48 kwa wiki. Pamoja na muda wa ziada, isizidi masaa 10 kwa siku wala 56 kwa wiki, isipokuwa kwenye kazi za zamu ambako wastani unaweza kuhesabiwa kwa wiki tatu. Mfanyakazi pia ana haki ya kupumzika masaa 24 mfululizo kila wiki.

Sasa chukua basi moja linalotoka Kampala usiku mmoja na kurudi kutoka Koboko usiku unaofuata, bila kulala hata siku moja. Hizo ni safari 7 kwa wiki. Mara masaa 9, unapata masaa 63. Basi hilo likiwa na dereva mmoja tu, sheria imevunjwa kabla hata ya kuhesabu muda wa kupakia na kushusha.

Hesabu ya mabasi mawili inatoa picha nyingine. Safari ni 14 na masaa ni 126. Yakigawanywa kwa madereva watatu, kila mmoja anaendesha masaa 42 na anabaki na siku ya kulala nyumbani. Maana yake ni kwamba tofauti kati ya zamu ya hatari na zamu ya halali, kwa mwenye mabasi mawili, ni mshahara wa dereva mmoja wa ziada.

Zamu hufuata gari

Katika biashara ya mabasi Afrika Mashariki, zamu hupangwa kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni dereva kukabidhiwa gari lake. Gari likisafiri, naye anasafiri. Gari likienda gereji, ndipo anapumzika. Wenye mabasi huipenda kwa sababu dereva analitunza gari kama lake na kila mkwaruzo una mwenyewe.

Njia ya pili ni madereva wawili ndani ya basi moja. Mmoja anaendesha nusu ya safari, mwenzake anapumzika. Ni bora kuliko ya kwanza, lakini kulala kwenye kiti cha basi linalotikisika si sawa na kulala kitandani.

Ya tatu ni kupokezana kituoni. Dereva aliyeleta basi alfajiri anakabidhi funguo, anakwenda kulala, na mwenzake aliyelala mjini usiku kucha analirudisha. Utaratibu huu unahitaji chumba cha kulala Arua au Koboko, daftari la zamu linaloandikwa kweli, na meneja wa kituo mwenye ujasiri wa kumwambia dereva aliyechoka kuwa leo haendi.

Jambo linaloharibu taratibu zote tatu ni malipo. Pale ambapo dereva analipwa kwa safari, siku ya kupumzika ni siku ya njaa. Atasema hajachoka hata kama macho yanafumba. Meneja naye, mwenye basi limejaa na dereva wa akiba hayupo, atakubali kumwamini.

Kwa teksi za abiria kati ya Arua na Koboko hali ni tofauti. Huko zamu ni foleni ya steji: aliyefika kwanza anapakia kwanza, anaondoka akijaa. Dereva anaweza kungoja nusu ya siku, halafu akakimbiza gari ili awahi mzunguko wa pili kabla ya giza. Kuchoka kwake hakuonekani kwenye hesabu ya kilomita.

Saa mbaya ziko wapi

Basi likiondoka Kampala saa 3 usiku, linafika Karuma kati ya saa 7 na saa 8 usiku. Kipande cha Karuma, Pakwach na Nebbi kinaangukia katika saa ambazo mwili wa binadamu unataka usingizi kuliko wakati mwingine wowote, yaani saa 8 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Kipande hicho kinapita kando ya hifadhi za wanyama za Karuma na Murchison Falls. Nyani huzoea kukaa barabarani, na tembo au nyati anaweza kukatiza gizani. Kisha kuna daraja la Pakwach juu ya Nile, halafu miinuko na kona za Nebbi.

Mwisho kabisa ni Arua hadi Koboko. Ni sehemu ya barabara ya Vurra-Arua-Koboko-Oraba yenye urefu wa kilomita 92, iliyowekwa lami kwa fedha za Benki ya Dunia. Lami nzuri humrahisishia dereva kazi, lakini pia humpumbaza. Anaingia humo alfajiri, baada ya masaa 8 ya usukani, wakati bodaboda, mbuzi na watoto wa shule wanatoka.

Njia hufundishwa kwa macho

Leseni ya daraja la DH inamruhusu mtu kuendesha basi kubwa. Haimwambii kona gani baada ya Nebbi ina utelezi mvua ikinyesha, wala malori huegeshwa wapi usiku Migyera na Bweyale. Hayo hujifunza kwa kukaa pembeni ya dereva mzoefu.

Wengi huanza kama matandiboi au makonda. Wanapakia mizigo, wanabadilisha matairi, wanasafisha gari. Baadaye wanapewa usukani kwenye kipande rahisi mchana, kisha kipande kirefu, kisha usiku. Siku dereva mkuu akiumwa, ndipo mwanafunzi anapata safari yake ya kwanza.

Utaratibu huu umetoa madereva hodari. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati waasi wa LRA walipokuwa wakivamia magari kati ya Karuma na Pakwach, mabasi yalisafiri kwa msafara yakisindikizwa na jeshi. Maisha ya abiria yalitegemea dereva kujua wapi asisimame. Ujuzi huo haukuandikwa popote. Ulipita kutoka mdomo hadi sikio.

Lakini ujuzi wa kukariri una mipaka. Mwezi Mei 2018, huko huko Kiryandongo, basi liligonga trekta iliyokuwa barabarani bila taa, kisha likaingia kwenye lori. Zaidi ya watu 20 walikufa. Kuijua barabara hakumwonyeshi dereva kitu kilichowekwa gizani jioni ile. Kinachomwokoa hapo ni mwendo mdogo na macho yasiyochoka.

Funzo la Karuma 2024

Mwaka 2024 njia iliyokaririwa ilibadilika. Daraja la Karuma, lililojengwa mwaka 1963, lilianza kuzuiwa kwa mabasi na malori mwezi Mei kutokana na kuchakaa. Tarehe 23 Septemba likafungwa kabisa kwa matengenezo, na likafunguliwa tena mwezi Desemba.

Magari yalielekezwa kwingine. Moja ya njia mbadala ilikuwa Masindi hadi Pakwach kupitia Paraa, ndani ya hifadhi ya Murchison Falls. Malori mazito yalizungushwa mashariki kupitia Mbale, Soroti na Lira.

Wafanyabiashara wa West Nile waliliona hilo kwenye bei za bidhaa. Ambacho hakikusemwa sana ni kilichowapata madereva. Hifadhini geti zina saa zake na mwendo unaoruhusiwa ni mdogo, hivyo ratiba ya usiku haikufaa tena. Zamu ya masaa 9 ikarefuka bila dereva kuongezwa, na mzoefu wa miaka mingi akawa mgeni sawa na kijana wa jana.

Kampuni yenye daftari la njia, lenye kuonyesha vituo, madaraja, sehemu za kupumzika na muda halisi wa kila kipande, iliweza kupanga upya haraka. Isiyokuwa nalo ilitegemea simu za dereva aliyetangulia.

Ukivuka Oraba au Vurra

Kwa wanaoendelea hadi Kaya na Yei nchini Sudan Kusini, au Aru na Ariwara nchini Kongo, kuna mambo mawili zaidi ya kujifunza.

Kwanza, Uganda tunaendesha kushoto; Kongo na Sudan Kusini wanaendesha kulia. Gari lenye usukani wa kulia likifika kule, dereva anakaa upande wa majani na haoni vizuri gari linalokuja anapotaka kumpita mwenzake. Konda aliyekaa kushoto ndiye anakuwa jicho lake. Konda mgeni kwenye njia hiyo ni hatari kama dereva mgeni.

Pili ni saa. Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021, na mashariki ya Kongo nako wako nyuma yetu kwa saa moja. Basi likifika mpakani saa 12 asubuhi ya Uganda, ng'ambo ni saa 11 alfajiri. Hakuna faida ya dereva kukimbiza gari usiku ili akangoje mbele ya ofisi iliyofungwa.

Nchi hizo mbili sasa ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Sudan Kusini tangu 2016 na Kongo tangu 2022. Hata hivyo, ushuru umezungumzwa zaidi kuliko masaa ya madereva.

Jirani wamefanya nini

Kenya, katika kanuni zake za magari ya abiria za mwaka 2014, iliweka kikomo cha masaa 8 ya kuendesha ndani ya masaa 24. Tanzania iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, huku mamlaka ya LATRA ikiwapima madereva na kutumia kitufe maalum kinachomtambulisha dereva aliye kwenye usukani. Kwa kitufe hicho, inakuwa vigumu zaidi kwa kampuni kuandika jina la dereva wa pili ambaye hakupanda basi.

Kanuni hizo hazijamaliza ajali katika nchi hizo. Lakini zimefanya swali la "nani alikuwa anaendesha na tangu saa ngapi" liwe na jibu lililoandikwa.

Mfanyabiashara naye ana sehemu yake

Ni rahisi kuwalaumu wenye mabasi. Ukweli ni kwamba mzigo unaochelewa kupakiwa unakula usingizi wa dereva. Basi la saa 3 usiku likiondoka saa 5 kwa kungoja marobota ya mtu mmoja, yale masaa 2 yatafidiwa mahali fulani: kwenye mwendo, au kwenye mapumziko ya Karuma yaliyorukwa.

Mteja ana nguvu kuliko anavyodhani. Anayetuma mizigo kila wiki anaweza kuuliza ofisini kama kuna dereva wa pili na dereva wa leo aliingia mjini lini. Anaweza kufikisha mzigo masaa 2 kabla ya muda, na kukubali ufike saa 3 asubuhi badala ya saa 12. Vyama vya wafanyabiashara vya Arua na Koboko vinaweza kuyaweka hayo kama masharti vinapochagua msafirishaji.

Kwa wenye mabasi, daftari la zamu, chumba cha kulala mwisho wa njia na dereva mmoja wa akiba kwa kila mabasi mawili ni gharama, hakuna ubishi. Lakini basi likianguka, mwenye gari anapoteza basi, na mwenye duka Koboko anapoteza mtaji. Abiria hana hata hesabu ya kupiga.