Nani atashusha bei ya PS5, na kwa sababu gani?

Wateja wangu wa zamani pale Ngamiani, Tanga, bado wananiuliza PS5 itashuka bei lini. Hawaulizi kama itashuka, wanauliza lini. Siwalaumu. Wamekua wakiona kila mashine ya gemu ikitoka kwa bei ya kutisha, mwaka mmoja au miwili baadaye ikishikika, na miaka mitano mbele ikiwa mtumba wa kawaida kabisa. Mimi mwenyewe niliendesha kibanda cha gemu kwa hesabu hiyohiyo: waache Wajapani na Wamarekani wapigane huko kwao, sisi tutaokota kitakachoanguka. Siku hizi jibu langu linawaudhi. Nawaambia haishuki, kwa sababu waliokuwa wakipigana wameacha kupigana.

Pigano lililowafundisha wote lilikuwa la Mei 1995, Los Angeles, kwenye maonyesho ya kwanza ya gemu ya E3. Tom Kalinske wa Sega alitangaza kwamba mashine yao, Saturn, imeshaingia madukani kwa dola 399. Ilikuwa itoke Septemba, lakini Sega waliiwahisha ili wamtangulie Sony. Zamu ya Sony ilipofika, Steve Race aliitwa jukwaani kuhutubia. Akataja namba moja tu, 299, akarudi kukaa. Hiyo ndiyo bei ya PlayStation, na ukumbi ukashangilia.

Kila anayesimulia habari za gemu huipa namba hiyo sifa zote. Mimi naipa nusu. Saturn iliyoharakishwa ilifika dukani na gemu chache za kuhesabika, na baadhi ya wenye maduka waliorukwa kwenye mgao wa kwanza walikasirika. KB Toys, waliokuwa na maduka mengi ya vitu vya watoto Marekani, hawakutaka tena kuiweka rafuni. Kisha tazama kilichofuata mwaka 1996: PlayStation ikashushwa hadi dola 199, na Sega nao wakashuka hadi palepale. Bei zikawa sawasawa. Kama bei peke yake ingekuwa dawa, mgonjwa angeinuka kitandani. Hakuinuka. Saturn ilimaliza siku zake ikiwa imeuza takriban milioni 9 dunia nzima, wakati PlayStation ile ya kwanza ilivuka milioni 100.

Hapa inabidi ujue punguzo analilipa nani. Kampuni hizi mara nyingi huuza mashine kwa faida nyembamba mno, au kwa hasara ya wazi, hasa mwanzoni. Fedha iko kwenye gemu: kila diski inayouzwa, hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine, mwenye mashine anakata chake. Anayeshusha bei ya mashine, kwa hiyo, ananunua wateja wa diski. Kama diski wanazozitaka anazo, ile hasara ni mtaji. Kama hana, anachoma fedha ili watu wapate joto.

Sega walizichoma tena na Dreamcast. Ilitoka Marekani Septemba 1999 kwa dola 199, na nitasema bila aibu kwamba ilikuwa mashine nzuri kuliko kifo ilichokufa. Lakini kampuni ya EA haikuitengenezea gemu hata moja, na bila EA huna FIFA, gemu ya mpira. Mwaka 2000 bei ikashushwa hadi 149. Oktoba mwaka huo PS2 ikaja kwa dola 299 na ikaadimika mara moja. Mashine ya dola 149 ilikuwa imekaa rafuni, watu wakapanga foleni ya mashine ya dola 299 ambayo haipo. Walijua kwamba gemu watakazozitaka mwakani zitakuwa kule, na pia PS2 ilikuwa inacheza DVD. Januari 31, 2001, Sega wakatangaza kuacha kutengeneza Dreamcast, na zilizobaki wakaziuza kwa bei ya kutupa.

Mwaka uliofuata ulionyesha jambo jingine. Mei 2002 Sony waliishusha PS2 kutoka dola 299 hadi 199. Microsoft hawakungoja wiki, Xbox nayo ikatoka 299 ikaenda 199. Mwezi huohuo Nintendo wakaiteremsha GameCube kutoka 199 hadi 149. Wote watatu wakawa wamepungukiwa, na mpangilio wa nani wa kwanza na nani wa mwisho ukabaki ulivyokuwa. Aliyenufaika ni mnunuzi, pamoja na sisi huku wa mwisho kwenye foleni. Nintendo walijaribu tena 2003 wakaipeleka GameCube hadi dola 99. Mauzo Marekani yaliruka kwa miezi kadhaa, wakapata Krismasi njema, kisha yakatulia. GameCube iliishia kwenye milioni 21 na ushei. PS2 ilipita milioni 150.

Punguzo lililofanya kazi kweli ni lile la Nintendo 3DS, na ndilo ninalolipenda kulisimulia maana lina aibu ndani yake. Mashine hii ndogo ya mkononi ilianza kuuzwa Japani Februari 2011 kwa yeni 25,000, na Marekani Machi kwa karibu dola 250. Wiki za kwanza zilikwenda. Halafu ukimya. Kuanzia Aprili hadi Juni waliuza mashine laki saba na elfu kumi tu duniani kote, idadi ya kutia aibu kwa kampuni kubwa kama ile. Mwishoni mwa Julai, kabla hata ya miezi sita kutimia sokoni, wakatangaza bei mpya kuanzia Agosti: yeni 15,000 Japani, dola 170 Marekani. Karibu theluthi moja ya bei ya Marekani imekwenda na maji.

Rais wa kampuni, Satoru Iwata, alijikata nusu ya mshahara wake. Aliwaomba radhi hadharani watu waliowahi kununua kwa bei ya juu, akawapa gemu 20 za zamani bure, kumi za NES na kumi za Game Boy Advance. Hapo nampa heshima. Katika biashara hii anayeumia zaidi kwa punguzo ni yule aliyekuamini siku ya kwanza, na kampuni nyingi humwacha aumie kimya. Mwaka ule wa fedha Nintendo waliandika hasara ya yeni zaidi ya bilioni 40.

Lakini angalia kalenda. Bei ilishuka Agosti. Novemba ikaja Super Mario 3D Land. Desemba ikaja Mario Kart 7. Kufikia mwisho wa 2011 Wajapani peke yao walikuwa wameshanunua zaidi ya milioni 4. Mwishowe 3DS iliuza karibu milioni 76, na mpinzani wake PlayStation Vita hakuwahi kumkaribia. Wengi wanasema bei ndiyo iliyoiokoa 3DS. Nasema bei ilifungua mlango na Mario akaingia. Mlango uleule ukifunguliwa bila Mario, unaingiza upepo.

Nililiona jambo hili kwa macho yangu kibandani bila kujua jina la Iwata. Enzi za PS2 mteja wangu alilipa shilingi 200 kwa mechi, na aliyefungwa anaachia pedi. Mchezo ulikuwa mmoja, wa mpira: Winning Eleven, na diski zilikuwa za kunakiliwa kwenye mashine iliyowekwa chipu, kama ilivyokuwa kila kibanda ninachokijua. Kuna mfanyabiashara aliwahi kuniletea Xbox mbili za mtumba kwa nusu ya bei ya PS2. Nikazikataa. Vijana wangu walikuwa wanajua vitufe vya PlayStation kwa vidole, bila kutazama. Kumwambia mtu aliyeweka dau na mwenzake ajifunze kupiga pasi upya ni kumfukuza aende kibanda cha pili, na kibanda cha pili kilikuwa mtaa huohuo. Kwa mwenye kibanda, bei ya mashine ni gharama ya siku moja. Umeme wa Luku, pedi zinazokufa analogi na mteja asiyerudi ni gharama za kila siku.

(Jambo la kuchekesha ni kwamba sisi, tulioshangilia kila punguzo la Sony kwa nguvu kuliko mtu yeyote, hatukuwarudishia hata senti ya diski. Punguzo lile halikukusudiwa sisi. Lilitufikia kwa bahati.)

Microsoft baadaye walijifunza kwa gharama kubwa kwamba bei peke yake haitoshi. Mwaka 2013 walitoa Xbox One kwa dola 499 pamoja na kamera ya Kinect, Sony wakatoa PS4 kwa 399. Juni 2014 Kinect ikaondolewa kwenye boksi na bei ikawa 399. Ilipofika msimu wa sikukuu mwaka huo wakashuka hadi 349, na kweli, Novemba na Desemba Xbox One iliizidi PS4 kwa mauzo Marekani. Miezi miwili. Mwaka uliofuata Microsoft wakaacha kabisa kutangaza idadi ya mashine wanazouza. Mfanyabiashara akianza kuficha hesabu, unajua. PS4 ilikwenda hadi milioni 117.

Sasa turudi kwenye swali la wateja wangu. PS2, mwaka mmoja na nusu baada ya kutoka Marekani, ilikuwa imeshushwa theluthi ya bei. PS5 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499. Agosti 2022 Sony wakatangaza kuipandisha bei Ulaya, Uingereza, Japani na kwingineko. Agosti 2025 ikapandishwa Marekani, ikawa karibu 550. Xbox Series X, nayo iliyoanza na 499, ilipandishwa mara mbili ndani ya 2025 hadi ikakaribia 650. Hata Switch ya kwanza, mashine ya mwaka 2017 ambayo Nintendo hawakuwahi kuishusha bei rasmi pale Marekani, ilipandishwa ikiwa na umri wa miaka minane. Methali inasema subira yavuta heri. Waliosubiri PS5 wamevuta bili.

Kampuni zinasingizia hali ya uchumi, na si uongo mtupu. Zamani chipu ileile ilizidi kufinywa mwaka hadi mwaka, kiwandani ikawa rahisi, na PS2 nyembamba ya 2004 ilikuwa rahisi kuitengeneza kuliko ile nene. Siku hizi kuifinya chipu hakuokoi fedha kama zamani. Mwaka 2025 Marekani waliongeza ushuru wa bidhaa za nje. Yote hayo yapo.

Lakini sikubali kwamba ndiyo sababu yote, na ushahidi wangu uko Japani. Juni 2025 Nintendo walitoa Switch 2, na kwa Wajapani wakatengeneza toleo la lugha ya Kijapani tu kwa yeni 49,980. PS5 yenye diski ilikuwa karibu yeni 80,000. Sony waliokuwa wanatuambia haiwezekani, haiwezekani, Novemba mwaka huohuo wakatoa PS5 isiyo na diski, ya Kijapani tu, kwa yeni 55,000. Uchumi ni uleule, chipu ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na mtu dukani anayewatisha. Na wameifunga kwa lugha makusudi, ili wewe na mimi tusije tukaiagiza.

Kwingine hakuna wa kuwatisha. Microsoft, aliyekuwa akilipa hasara ili watu wamkimbie Sony, sasa anampelekea Sony gemu zake mwenyewe. Forza Horizon 5 ilifika PS5 mwaka 2025, Gears of War ikafuata, na Halo, gemu ambayo Xbox ya kwanza ilijengwa juu yake, ikatangazwa mwaka huohuo kwamba nayo inakwenda. Anayekusanya kodi kwenye duka la mpinzani hana haja ya kuuza chini ya bei mlangoni kwake. Nintendo anacheza uwanja wake, na nje ya Japani hamgusi mtu kwa bei. Sony amebaki peke yake na wateja ambao hawana pa kwenda, na wote wanasubiri gemu ya GTA VI ambayo lazima waichezee mahali. Mtu mwenye soko hilo ashushe bei ili ampendeze nani?

Ndiyo maana mwenye kibanda akinitaka ushauri simpeleki kwenye PS5. Namwambia atafute PS4 ya mtumba, iliyo nzima, akague kitako cha pedi na sauti ya feni kabla ya kutoa hela. Gemu ya mpira ya EA Sports FC 26 ilitoka kwenye PS4 kama kawaida, na mteja wa mechi moja moja hatazami nyasi za uwanja zina majani mangapi. Siku EA watakapotoa toleo la mpira lisiloingia PS4, vibanda vyote vya Tanga vitanunua PS5 ndani ya msimu mmoja, kwa bei yoyote itakayokuwepo, na Sony hatalazimika kupunguza hata shilingi.