Tamko la Walimu wa Sayansi Kuhusu Ufundishaji wa Kanuni ya Hifadhi ya Tungamo

Sisi walimu wa fizikia na kemia wa shule za sekondari, kupitia Kamati Tendaji ya chama chetu, tunatoa tamko hili kwa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, wathibiti ubora wa shule, wakuu wa shule na walimu wenzetu kote Tanzania.

Kanuni inasema kuwa katika badiliko la kikemia, jumla ya tungamo la vitu vilivyoingia ni sawa na la vitu vilivyotokea. Mwanafunzi huikariri kwa dakika moja. Kuisadiki ni kazi nyingine, maana tangu utotoni ameona kinyume chake: gunia la mkaa huisha jikoni likabakiza majivu ya kujaza kopo. Asipoulizwa mkaa umekwenda wapi, ataijibu kanuni kwenye mtihani huku moyoni akiikataa. Tunataka kanuni hii ifundishwe kwa mizani, kuanzia pale inapoonekana kuvunjika.

Gharama yake ni ndogo. Siki mililita 50 imiminwe kwenye bilauri, ipimwe pamoja na gramu 2 za bikaboneti ya soda, kisha vichanganywe. Povu likishatulia, mizani itapungua, kwa kuwa bikaboneti hiyo hutoa takriban gramu 1 ya kabonidayoksaidi, na sehemu kubwa huponyoka. Hapo mwalimu anyamaze, wanafunzi wabishane. Jaribio lirudiwe ndani ya chupa ya plastiki ya soda ya lita moja na nusu, bikaboneti ikiwa imeviringishwa kwenye tishu ili kifuniko kikazwe kabla haijalowa. Safari hii mizani haitashuka. Kifuniko kikilegezwa, gesi italia na namba itashuka mbele ya macho yao.

Wengi wetu tumezoea kuvisha chupa puto. Kwa somo hili tunashauri liachwe. Puto lililojaa nusu lita ya gesi husukuma kando nusu lita ya hewa, nayo hewa huliinua kwa nguvu inayotosha kupunguza usomaji wa mizani kwa gramu 0.6 hivi. Mwanafunzi makini ataona upungufu ambao mwalimu ameapa kuwa haupo. Chupa ngumu haina tatizo hilo. Chupa za kioo na chupa nyepesi za maji zisitumike kabisa, na vipimo tulivyotaja visizidishwe.

Baada ya hapo zichomwe nyuzi laini za chuma zisizo za aina isiyoshika kutu. Zitaongezeka uzito kwa kunasa oksijeni, na darasa lililotarajia kila kinachoungua kipungue litalazimika kufikiri upya. Antoine Lavoisier alipita njia hiyohiyo mwaka 1774: alipopasha stani ndani ya chombo kilichozibwa, uzito wote ulibaki vilevile mpaka alipokifungua na hewa ikaingia kwa kasi.

Kampeni ya kujenga maabara tatu kwa kila shule ya kata, iliyopamba moto mwaka 2014 na 2015, iligharamiwa pia na michango ya wananchi. Jengo lisilo na mizani haliwatendei haki wananchi hao. Kabla ya kifaa kingine chochote, kila shule ipatiwe walau mizani moja inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima haitoshi, kwani badiliko lenyewe ni la gramu moja au pungufu. Penye darasa kubwa, mizani moja mezani mbele na makundi yanayopokezana yatatosha kuanzia.

Jambo linalotuumiza zaidi ni matokeo ya kubuni. Mwanafunzi anayepata pungufu ya gramu 0.3 hufuta na kuandika sifuri kwa kuogopa kukosolewa. Tunawaomba walimu na wathibiti ubora wampe alama kamili aliyeandika alichokiona na kueleza gesi ilipovujia, na wasimpe yule ambaye namba zake zimenyooka bila maelezo. Wanafunzi waruhusiwe pia kubishana kwa Kiswahili wakati wa jaribio, kisha waandike ripoti kwa lugha ya mtihani.

Wanachama wetu wenye mizani wataanza kwa kuwakaribisha walimu wa shule jirani zisizo nayo, ili wafanye majaribio haya pamoja kabla ya kuyapeleka darasani.

Imetolewa na Kamati Tendaji.