Kulwa na Doto Hawalelewi na Mtu Mmoja

Katika vichaka vya Kanda ya Ziwa, komba jike hulea karibu peke yake: humbeba mtoto kwa mdomo, humficha mtini, kisha huenda kutafuta chakula. Mamoseti na tamarini, kima wadogo wa Amerika ya Kusini, hufuata njia nyingine. Jike kwa kawaida huzaa pacha, na uzito wa watoto hao wawili hukaribia moja ya tano ya uzito wake. Baba na ndugu wakubwa ndio huwabeba mgongoni, wakimrudishia mama wakati wa kunyonya.

Wasukuma wa Katoro humwita pacha wa kwanza Kulwa na wa pili Doto. Atakayewafuata ni Shija. Lakini baba akiwa machimboni, mama hubaki peke yake na watoto ambao mara nyingi huzaliwa kabla ya wakati, wakiwa na uzito chini ya kilo 2.5.

Mtoto njiti huhitaji joto la ngozi kwa ngozi, na kifua cha baba huweza kulitoa kama cha mama. Kwa hiyo mhudumu asimwache baba nje ya mlango wa wodi. Amfundishe kumfunga mtoto kifuani, na kumwahisha kituoni asiyenyonya au aliyepoa mwili. Baba naye asisubiri kuitwa. Kunyonyesha ni kazi ya mama. Kubeba, kupasha joto na kukesha ni kazi za kugawana.