Mtihani ni mmoja, lakini watoto wahami hawakupewa njia moja na wengine

KASONGO, MANIEMA – Siku matokeo ya mtihani wa serikali yanatoka, Kasongo nzima inajua. Aliyepata diploma anamwagiwa pudra nyeupe kichwani, vijana wanazunguka mitaa wakiimba, wamama wanapiga vigelegele. Lakini kuna nyumba zinazobaki kimya, zikiwemo zile zinazohifadhi familia zilizokimbia vita Kabambare.

Kesho yake neno linaanza kuzunguka sokoni: «Maswali yalikuwa yale yale kwa wote. Nani aliwakataza kusoma?»

Neno hilo lina sura ya haki, na ndiyo maana watu wengi wanalimeza bila kutafuna. Lakini linamtwika mtoto kosa ambalo si lake.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni ya bure. Tangu Septemba 2019, serikali ya Félix Tshisekedi ilianza kuitekeleza ahadi hiyo katika nchi nzima. Hilo ni jambo kubwa na halifai kudharauliwa. Tangu pale, wenye kupenda hesabu rahisi wanasema: mlango umefunguliwa kwa wote, basi atakayebaki nje ni kwa uvivu wake.

Msikilizaji, chukua watoto wawili wenye akili sawa. Wa kwanza amezaliwa Kasongo mjini, hajawahi kuhama. Ana madaftari yake yote, mwalimu anamjua kwa jina, jioni ana taa. Wa pili alikuwa anasoma upande wa Salamabila, karibu na dhahabu ya Namoya. Jeshi na Mai-Mai Malaika walipopigana, familia ilikimbia usiku na kilichobebwa ni mdogo wake na sufuria. Buletini zilibaki nyumbani. Alipofika Kasongo, shule ikamuuliza: «Karatasi zako ziko wapi?» Mwaka ukapita. Alipopokelewa akakuta darasa limejaa, watoto wengine wanakaa chini. Asubuhi anaenda kwanza kulima shamba la watu ili familia ipate mihogo ya jioni.

Na masomo ya bure yanaishia mapema. Kwenye sekondari mzazi analipa, na kwenye mtihani wa serikali analipa tena feza za kushiriki. Mzazi aliyeacha shamba lake la mpunga Kabambare atalipa na nini?

Siku ya mtihani watoto hawa wawili wanapewa karatasi zenye maswali yale yale, kwa Kifaransa, na wote wanadaiwa 50%. Hapo ndipo watu wanasema kuna usawa. Kweli, usawa uko siku ile. Lakini mtihani unapima miaka yote iliyotangulia, na miaka ile haikuwa sawa.

Wengine watauliza: «Basi munataka wahami wapewe alama za bure?» Hapana. Hakuna mzazi mwenye akili anayeomba hivyo. Diploma ya huruma ni udanganyifu. Leo kijana anapewa alama asizostahili, kesho ni muuguzi kwenye kituo cha afya, na sindano yake haitamuuliza mgonjwa kama muuguzi alikuwa mhami. Wanaotaka watoto wote wamalize na alama sawa wanakosea, sawasawa na wale wanaouza alama kwa wenye feza. Wote wanaiharibu ile karatasi ambayo mtoto wa maskini anaitegemea kuinuka.

Kuna sauti nyingine, na hii inastahili jibu la heshima. Ni ya wenyeji wa Kasongo, waliofungua nyumba zao na kugawa chakula kidogo walichokuwa nacho. Wanauliza: «Na watoto wetu? Mbona msaada unapita juu ya vichwa vyetu unaenda kwa wahami tu?» Wana haki. Mtoto wa mwenyeji anayebanana kwenye benchi lile lile naye amepunguziwa nafasi. Kwa hiyo msaada ufuate kizuizi kinachomzuia mtoto, usifuate jina analoitwa. Anayekosa daftari apewe daftari, awe mhami au mwenyeji. Lakini aliyepoteza mwaka mzima na karatasi zake zote hawezi kutibiwa kwa daftari peke yake. Kumpa kila mgonjwa kidonge kimoja, mwenye malaria na aliyevunjika mguu, si usawa.

Je, tutajuaje kama nafasi ni sawa kweli? Kwa kutazama matokeo. Hatuhitaji watoto wote washinde. Lakini kama watoto wa upande mmoja wanaanguka mwaka kwa mwaka, tusiseme ni wavivu. Uvivu hauchagui kijiji wala hauji na milio ya risasi. Wakuu wa elimu wa Maniema wahesabu na watangaze wazi: watoto wahami wangapi waliandikishwa, wangapi waliacha, wangapi walifika kwenye mtihani, wangapi walipata diploma. Bila hesabu hiyo, kusema «nafasi ni sawa» ni maneno ya bure.

Wakati hesabu inafanyika, kuna mambo yasiyongoja. Mtoto asiye na buletini apimwe na kuwekwa kwenye darasa linalomfaa, asirudishwe nyumbani. Waliopoteza mwaka wapangiwe masomo ya kufidia. Mzazi mhami aruhusiwe kulipa sekondari kidogo kidogo, na mtoto asifukuzwe katikati ya kipindi.

Wakuu watasema feza hakuna. Lakini Kabambare ina dhahabu. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inagawa ushuru unaotokana na mauzo ya madini: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa utawala wa mahali mgodi ulipo, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kizazi kijacho ndicho hiki kinachokaa chini darasani Kasongo. Kila mgodi unapolipa, raia wana haki ya kuuliza ni madarasa mangapi yametoka humo.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Anayemwambia mtoto mhami «mtihani ulikuwa ule ule» aulize kwanza mtoto huyo alipita wapi hadi kufika kwenye kiti cha mtihani. Akishasikia, aamue mwenyewe kama bado anaweza kulirudia neno lile.