Sola ya Nyumbani: Tununue Vipi?

Wenzetu wa Sigowet wanauliza kama sola ya nyumbani ina faida. Sisi twasema inayo: mafuta ya taa yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, na moshi wake twaujua. Hofu yetu ni malipo ya kila siku, yaliyoenea tangu M-KOPA ilipoanza kuuza mwaka 2012. Usipolipa, mtambo hufungwa. Mchumaji hulipwa kwa kilo, na Januari na Februari, jua likiwa kali, majani hupungua. Basi mtu akae gizani na jua ni tele! Tena jumla ya malipo hayo hupita bei ya taslimu. Heri tuweke akiba katika ushirika, tununue mara moja. Na muuzaji aulizwe habari za betri: paneli hudumu miaka 20 na zaidi, betri hufa mapema.