WAVANDALI WALIKOPIA, LAKINI WALITIA FEDHA NDANI



Tangu somo la historia juu ya Wavandali, kuna maneno yanatembea humu masomoni: «Wale nao walikopia, na pesa yao ilipokelewa. Basi kwa nini sisi tusikopie ku mtihani?» Sisi wakubwa wa darasa la mwisho tunaona inafaa kujibu.

Kweli, walikopia. Wavandali waliteka mji wa Kartago, Afrika ya Kaskazini, mwaka 439. Walipopiga sarafu zao za fedha za mwanzo, waliweka sura na jina la Honorius, kaisari wa Roma, aliyekuwa amekufa tangu 423. Sababu? Wachuuzi walizoea ile sura. Sura ngeni wangeiogopa.

Wala si Wavandali peke yao. Maria Theresa, malkia wa Austria, alikufa mwaka 1780. Lakini reale yake ya fedha iliendelea kupigwa, na tarehe ile ile ya 1780, ikatembea Ethiopia, Arabuni, mpaka Unguja. Hata Bruxelles, kwa Wabelgiji waliokuwa wanatutawala, waliipiga tangu 1937 mpaka 1957. Na sisi je? Ku soko tunapokea dola yenye sura ya Franklin, Mmarekani aliyekufa 1790.

Lakini angalieni vizuri, wandugu. Ndani ya ile sarafu ya Wavandali mlikuwa fedha ya kweli. Sura ilikuwa ya mwingine, uzito ulikuwa wao. Mwenye kukopia mtihani anafanya kinyume: jina ku karatasi ni lake, lakini ndani hamna kitu. Siku atakapopewa watoto awafundishe, ao wagonjwa awapimie dawa, ndipo mizani itasema.

Tena Wavandali hawakubaki pale pale. Mfalme Gunthamund, aliyetawala 484 mpaka 496, aliandika jina lake mwenyewe ku fedha, pamoja na thamani yake: denari 100, 50 na 25. Wafalme waliomfuata wakafanya vile vile.

Kufuata mfano wa mwalimu ubaoni si kosa, ndivyo tunavyojifunza sote. Lakini iko siku ya kuweka jina lako juu ya kazi yako. Kwetu sisi siku hiyo ni mtihani wa Serikali. Wandugu, tutie fedha kwanza, jina litafuata.