Afya ya Nyumba: Miguu ya Mwenye Kisukari

Mwezi huu twataka kusema juu ya ngozi ya mtu mwenye kisukari, maana wako waliopotewa na mguu kwa kidonda kilichoanza kidogo kama punje ya mtama.

Sukari ikizidi katika damu siku nyingi, ngozi hukauka na kuwasha. Majipu hurudi mara kwa mara, na fangasi huota kwapani na katikati ya vidole vya miguu. Wengine huona ngozi ya shingo ikiwa nene na nyeusi, wakaisugua wakidhani ni uchafu. Aonaye hayo na aende kupimwa damu, hata kama hajisikii mgonjwa.

Tena liko neno kubwa zaidi. Mishipa ya fahamu huharibika, mguu ukawa kama gogo. Wazee wetu waliona jambo la namna hii kwa wenye ukoma. Kisukari si ukoma, wala hakiambukizi, lakini nacho huondoa maumivu. Na maumivu ni mlinzi wa mwili. Mlinzi akilala, mtu hukanyaga msumari asijue. Hupita mchana juu ya mawe ya vilima vyetu yaliyochomwa na jua, asisikie moto hata malengelenge yatokee. Na kwa kuwa damu haifiki vema miguuni, kidonda hakiponi.

Hapo jamaa husema, "Ametegwa, amekanyaga dawa ya adui." Huenda kwa mpiga ramli, na kidonda hufunikwa majani majuma matatu. Ndugu, siku zile zipoteazo ndizo ziukatao mguu. Kidonda cha mguuni, hata kisichouma, na kipelekwe zahanati siku ile ile. Kikiwa cheusi, au kikinuka, au mguu ukivimba na kuwa na joto, msikawie: mpelekeni mgonjwa hospitali ya Sekou Toure au Bugando.

Bwana wetu aliwaosha wanafunzi wake miguu. Basi, kila jioni mmoja wa nyumbani na atwae beseni, ayajaribu maji kwa kiwiko chake mwenyewe, amwoshe mgonjwa miguu kwa sabuni, na kuikausha vema katikati ya vidole. Nyayo na visigino vipakwe mafuta, lakini katikati ya vidole sivyo. Kisha azitazame nyayo kwa taa, maana macho ya mwenye kisukari huenda yamedhoofika. Mgonjwa asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba; avikung'ute viatu kabla ya kuvivaa; asikate sugu kwa wembe, wala asiote miguu motoni.

Wala asiache dawa zake kwa kuwa ameombewa. Mwaka 1922, huko Toronto, Kanada, kijana aliyekuwa karibu kufa alidungwa insulini, akaishi. Tangu hapo wengi wamepona mauti kwa dawa hiyo. Hiyo nayo ni neema ya Mungu.

Walimu, litangazeni neno hili baada ya ibada. Na wewe msomaji, kama yuko mwenye kisukari nyumbani mwako, anza jioni hii.